Mahali Mnara Hauonekani

Mama alituachia sheria moja ya kutembea: mahali ambapo mnara wa kanisa hauonekani, si pako. Mnara huo ulikuwa wa matofali ya kuchoma, wenye paa la bati lililochongoka na msalaba juu, na kwa sisi watoto wa upande huu wa Ngara hapakuwa na kitu kirefu kuliko huo. Katekista alipotuambia kwamba Ulaya kuna makanisa yenye minara mirefu mara nyingi kuliko wetu, mdogo wangu wa kiume alimuuliza kama kengele za huko hupigwa na malaika. Tulicheka mpaka tukatolewa nje.

Sheria ile ilitutosha. Msitu ulianza nyuma tu ya migomba. Ukiingia kidogo mnara unapotea, nawe unarudi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama naye alipofariki, nikaacha shule darasa la tano ili niwalee wadogo zangu wawili, na niliwaambia maneno yale yale, karibu kwa sauti yake.

Kisha wakaja wakimbizi, wakikimbia mauaji ng'ambo ya mpaka. Vilima vikageuka bluu kwa maturubai. Watu wengi namna ile lazima wapike, na anayepika lazima apate kuni. Shoka zilisikika tangu asubuhi. Majirani walisimulia habari za maiti zilizoonekana mtoni, za mapanga yaliyofichwa kambini, za watoto wasiorudi. Sikujua lipi la kweli, kwa hiyo niliogopa yote.

Alasiri moja mdogo wangu wa kike, mtoto wa kama miaka saba, hakurudi kutoka kuokota kuni. Nilikwenda kwenye kichaka chetu. Kichaka hakikuwepo. Palibaki visiki, vyeupe bado, mpaka ng'ambo ya bonde. Nikageuka kutazama nilikotoka, na mnara ulikuwa pale wote, toka msalabani hadi dirisha la kengele. Nikavuka bonde, nikapanda kilima, nikageuka tena. Ulikuwa mdogo kama kidole, lakini ulionekana. Mtoto mtiifu angeweza kufika mpaka wa Burundi bila kuvunja sheria ya mama.

Niliita mpaka koo likakauka. Wanaume waliobeba magogo walinitazama, wakapita. Jua lilikuwa linashuka.

Nilimkuta kwenye kilima kilichofuata, ameketi juu ya mzigo wake wa kuni, ameelekeza uso mnarani. Kando yake alikaa mwanamke mkimbizi aliyejifunga kitenge mabegani. Nilimwogopa yeye kwanza. Nikamwamkia, naye akanijibu kwa lugha yao, ambayo sisi Wahangaza tunaielewa.

"Mnara nauona, dada," mtoto alisema kabla sijamgusa. "Sijavunja."

Mwanamke alieleza kwamba alimwona amechoka, akamuuliza kwao ni wapi, akaonyeshwa mnara. Hakutaka kumwacha peke yake, ila kumrudisha hakuweza.

"Pale sikaribii," alisema. "Sisi tulikimbilia kanisani. Tuliotoka hai ni wachache."

Nilijitwika kuni za mtoto, tukaondoka. Alisimama akitutazama mpaka tukafika bondeni.

Njia nzima mnara ulizidi kukua mbele yetu, na kwa mara ya kwanza urefu wake ulinitisha. Nilimshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Kabla hatujafika kwenye migomba nikamwambia sheria ya mama imekwisha. Akauliza, sasa afuate ipi?

"Mahali sauti yangu haifiki," nikamwambia, "si pako."

Alikubali. Lakini sheria hiyo ilinitaka niite. Nikipalilia niliita, nikimenya ndizi niliita, naye aliitika kwa kuchoka, "Nipo, dada." Siku alipochelewa kuitika, nilibaki nimeinua jembe, silishushi, nikisikiliza.