Magurudumu Niliyoyachemshia Kahawa

Nimekosa. Naanza na hilo, msije mkasoma hadi katikati mkadhani natafuta pa kujificha. Nilimkosea babangu mzazi, kwa mikono yangu hii miwili, tena nikicheka. Jina langu liacheni. Anijuaye atanijua.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini nilikuwa kwenye karakana ya kiwanda cha chumvi huko Gongoni, na kila Alhamisi jioni narudi kwetu Malindi. Nilikuwa na kiburi, ndugu zangu! Nikiingia nyumba ya mtu, naangalia bawaba za mlango kabla ya kumwamkia.

Babangu naye alikuwa mtu wa reli. Umri wake wote aliutumia Mombasa akitengeneza mabehewa ya abiria: viti, milango, na zile bogi za chini zinazoshika magurudumu. Alipostaafu akarudi nyumbani, macho yakaingia mtoto wa jicho, akawa haoni ila vivuli. Na mamangu akafariki mwaka huohuo. Mimi nilikuja kuzika, nikakaa siku za matanga, nikarudi kwenye chumvi yangu. Yaliyofuata nyumbani sikuyauliza.

Siku moja narudi, namkuta mzee ameunda treni! Wallahi, kwa kupapasa tu. Mabehewa manne ya abiria, ya mbao, kila moja urefu wa mkono, yana vidirisha na paa la bati. Dadangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza, alimshikia msumeno na kumwambia wapi pamepinda. Reli ilikuwa vyuma viwili vyembamba juu ya ubao mrefu, umeegemezwa ukutani uani, umeinamishwa kidogo.

Kila siku baada ya sala ya alasiri, babangu hukaa kwenye kigoda upande wa chini wa ule ubao. Dadangu huiachilia treni upande wa juu. Inakuja polepole, ta-ta-ta, ta-ta-ta. Mzee kainamisha kichwa, anasikiliza, anatabasamu peke yake. Ikikaribia anatoa kiganja, anaipokea.

"Tumefika!" anasema. "Haya, irudishe."

Basi hivyo mpaka magharibi. Mtu mwingine angeona raha ya mzee. Mimi niliona magurudumu.

Yalikuwa ya mbao, na tundu lake halikuwa katikati. Lilitobolewa pembeni kidogo, yote, kila gurudumu. Ndiyo maana mabehewa yalikuwa yakienda yanachechemea. Na bogi zake zilikuwa za kufungwa kwa waya. Mimi fundi, moyo wangu ukawasha!

"Baba, treni yako ina matege," nikamwambia.

"Iache na matege yake. Yanifikisha."

"N'takukerezea ya chuma, iende kama treni za watu."

"Sitaki, mwanangu. Ahsante. Hii yanitosha."

Alisema sitaki. Nilimsikia. Lakini nikajiambia, mzee haoni, ajua nini? Hata sikujiuliza: mtu aliyeshughulika na mabehewa ya kweli maisha yake yote, atashindwaje kutoboa tundu katikati ya kigurudumu cha mbao?

Nikayakereza. Saa za mapumziko wenzangu wanakula, mimi niko kwenye mashine. Magurudumu ya chuma, mviringo safi, na bogi mpya zinazogeuka kwa ncha ya kidole. Nikawaonyesha karakana nzima, wakanisifu. Nikawaambia haya yatadumu mpaka wajukuu wazae.

Ijumaa babangu yuko msikitini, dadangu yuko kwenye hitima nyumba ya pili. Nikaipindua ile treni, nikang'oa kila kitu, nikafunga vyangu. Yale ya mbao nikayaona takataka. Jiko lilikuwa linataka kuzima na mimi natamani kahawa. Nikayatia motoni, yote. Yalikuwa makavu, yakashika moto mara moja.

Mzee akarudi. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kigoda chake, nikammiminia kahawa. Akaionja.

"Kahawa nzuri leo," akasema. "Nani kapika?"

"Mimi. Ngoja, baba, nikuonyeshe jambo."

Nikaiachilia treni. Iliteleza kama samli kwenye kikaango, kasi, bila sauti yoyote. Yeye kainamisha kichwa chake vilevile, anasikiliza. Ikampita, ikatoka mwisho wa ubao, ikaanguka sakafuni, behewa la mbele likavunjika paa.

Babangu bado kanyoosha kiganja hewani.

"Imepita?" akaniuliza.

Mimi nikacheka! Mungu wangu nisamehe, nilicheka. Nikamwambia imepita zamani, baba, hiyo sasa ndiyo treni.

Akapapasa chini, akaliokota behewa, akaligeuza, akagusa chuma. Uso wake ukabadilika.

"Yako wapi magurudumu yangu?"

"Si ndiyo yaliyochemsha hiyo kahawa?"

Aliteremsha kikombe taratibu mpaka kikagusa sakafu. "Haya," akasema. "Alhamdulillahi." Akainuka, akafuata ukuta kwa mkono, akaingia chumbani. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Dadangu aliporudi nikamsimulia nikiwa bado na kicheko. Akakaa chini palepale na buibui lake.

"Ole wako! Wayajua yale yalikuwa nini? Vile ni vigogo vya uzi vya mama."

Mamangu alikuwa akishona. Alipokufa, babangu mwenyewe aliamuru vitu vyake vitolewe sadaka, kama ada yetu ilivyo, ili thawabu zimfikie. Kanga zikaenda, mabuibui yakaenda, cherehani ikapewa binti yatima aliyekuwa akijifunza kwake. Vilivyobaki ni vile vigogo vitupu vya mbao vinavyozungushiwa uzi, kwa sababu hakuna aliyevitaka. Ndivyo mzee alivyovikata, akaviziba matundu ya katikati, akavifanya magurudumu.

"Na lile tundu la pembeni?" nikauliza.

"Alilijaribu wiki nzima. Alitaka treni ilie kama cherehani ya mama. Wewe hukuisikia? Hukusikia kabisa?"

Sikusikia. Mtoto niliyelala utoto wangu wote chini ya sauti ile, sikuitambua.

Nilikereza mengine ya mbao, nikayatoboa pembeni. Nikaenda nayo kwa mzee, nikapiga magoti, nikalia, nikaomba radhi. Akanipa radhi. Alisema alinisamehe siku ileile. Tukaiachilia treni, akaisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

"Mashallah, umekereza vizuri," akasema. "Lakini tuache, mwanangu. Si yeye."

Hakukaa tena kwenye kile kigoda. Alasiri ikifika anabaki ndani, kaelekea ukutani. Haukupita muda mrefu tukamzika, karibu na mama. Radhi yake ninayo, lakini usingizi sina.

Ile treni iko kwangu. Nilivirudisha vyuma vyangu, nivione kila siku viniumize. Hewa ya bahari imevila. Vimeshika kutu, havigeuki hata kwa nyundo.

Nyinyi wenye wazee, nisikilizeni mimi niliyeunguzwa. Ukikuta kitu cha mzazi wako kinachechemea, usikimbilie kukinyoosha. Kaa chini, inamisha kichwa, usikilize naye. Na akikwambia sitaki, basi hataki!

Mimi sasa kahawa siinywi. Wakinikaribisha nasema tumbo langu haliipendi, nao huniamini.