Basi la Bulle

Bulle Yarow alikuwa baharia, na anayetaka kucheka acheke. Alizaliwa Sangailu kati ya ngamia, akaishia kwenye joto la injini, tumboni mwa meli. Hakwenda kutembea. Ukame ulimaliza mifugo ya baba yake, naye akaenda kutafuta ngamia wengine kwa jasho lake.

Mwaka 1966 alivunjika mguu kazini. Nahodha akamteremsha Mombasa bila senti, kisha akang'oa nanga. Huo ni wizi, sina jina jingine. Wakili mmoja wa bandarini akamfariji: kisheria, mshahara wa baharia hutangulia madeni yote ya meli. Meli ikirudi, mahakama itaizuia bandarini mpaka ilipe. Ila Bulle lazima aende kuapa mwenyewe.

Akarudi kwao kungoja, akavikuta vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali. Jamaa zake walikuwa wamekusanywa na jeshi ndani ya seng'enge, nje ya mji wa Garissa, na mbuzi wa mwisho walikuwa wanakufa kwa kukosa malisho. Mkewe Ebla alikuwa akichemsha majani ya chai yaleyale tangu juzi.

"Meli ikija tutanunua ngamia wa maziwa," Bulle akamwambia. "Sheria iko na sisi."

"Hiyo sheria inajua kuvuka mto?"

Dereva wa lori la sukari akaleta salamu za wakili: meli imefika, haitakaa. Bulle akachechemea hadi daraja la mto Tana, ambako hakuna aliyevuka kwenda Mombasa bila pasi.

"Pasi?" askari akauliza.

"Basi iko," Bulle akajibu. Ulimi wa Kisomali na herufi p hawajawahi kupatana. "Basi ya meli."

Hakuna basi lililoruhusiwa njia ile. "Basi gani? Limebeba nani?"

"Habana beba mtu. Iko yangu, beke yangu."

Akatia mkono kifuani atoe pasi yake ya ubaharia. Kitako cha bunduki kikamlaza chini. Pasi ikatupwa guniani pamoja na viatu vyake, na askari wakaenda kulisaka basi la shifta vichakani. Walilisaka kwa bidii, maskini, hadi njia ya Habaswein. Bulle akabaki rumande, akimwambia kila apitaye kwamba meli itaondoka, nao wakadhani amerukwa na akili.

Hatimaye ofisa mmoja akafungua gunia. "Kumbe ni pasi," akasema. "Pole, mzee." Meli ilikwisha kuondoka, na mshahara nao.

Inaniuma hadi leo. Sheria iliyoweza kuzuia meli nzima haikuweza kumvusha mtu mmoja daraja.

Tangu hapo alikuwa akikaa kando ya seng'enge akilifundisha ulimi lile neno. Anafumba midomo, anavuta pumzi, linatoka basi. Anaanza tena.

"Wacha sasa, Bulle," Ebla akamwambia.

"Na ikirudi?"

Ebla alimwagia maji majani yale ya chai, akayarudisha motoni.