Kiganja Juu ya Aisoleta

Kila inapofika saa ya matangazo ya vifo, fundi wa mitambo wa redio ya Mnarani huweka kiganja juu ya aisoleta, kidude kinachozuia nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena zisiunguze transmita. Hukipapasa kama mama anayepima homa ya mwanawe. Siku mtangazaji, Kahonzi, alipofiwa na mamake, fundi alikichomoa, maana kilipunguza kidogo nguvu za matangazo naye alitaka tangazo liwafikie jamaa zake kule Junju. Kumbe chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imeshakula kiungo cha antena. Nguvu zikarudi, transmita ikaungua kabla jina la marehemu halijatajwa. Jamaa wa Junju walifika kaburi limeshafukiwa.

"Yaishe, kaka," Kahonzi humwambia.

"Wewe soma tu," hujibu, na kiganja hakiondoi mpaka litajwe jina la mwisho.