Mkanda Uliofungwa

Mkanda wa mjomba ulikutwa umefungwa, na kwa sababu hiyo wachimbaji waliacha kumtafuta. Wiki iliyopita niliukuta ndani ya sanduku la marehemu bibi, umeviringishwa kwenye kanga kuukuu, mgumu kama ukuni. Bado umefungwa.

Nikueleze unavyofungwa, maana mikanda ya siku hizi ina chuma. Bibi alikata ngozi ya ng'ombe aliyoiloweka, akaikwangua manyoya na kuilainisha kwa samli. Ncha moja aliitoboa tundu refu kama la kifungo cha shati. Ncha ya pili aliichonga ikawa nyembamba, akaisokota kifundo. Kifundo kinasukumwa tunduni, kinageuzwa, basi. Kikiingia kinatoa mlio mdogo: tuk. Kazi hiyo aliachiwa na babu, na ua wetu ulinuka ngozi mbichi na samli mwaka mzima.

Wateja wake walikuwa wachimbaji wa upande wa Mwakitolyo. Walisema chuma kiunoni kinafukuza dhahabu. Bibi alisema chuma kinakula ngozi, akaendelea kukata.

Shimo waliliita duara, na kila duara lilikuwa na nguzo yenye misumari. Anayeshuka alivua mkanda na kuutundika ukiwa wazi, ukining'inia kama ulimi. Akipanda, akitaka kwenda kuoga au kula kabla ya kuvaa, aliufunga na kuuacha msumarini ukiwa duara dogo. Hivyo ndivyo walivyojua nani yuko chini. Hakukuwa na daftari.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, msichana wa kupeleka chakula. Mchana nilimpelekea mjomba, kitindamimba wa bibi, michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Nikimsubiri apande, nilichezea mikanda: nafunga, nafungua, kusikia ule mlio. Siku moja alinikuta.

"We mtoto, acha. Ukiufunga wangu watajua nimepanda, watakula michembe yangu."

"Tutakula tu hata ukiwepo," mwenzake alisema, na wote wakacheka. Mjomba alicheka pia, lakini alinishika mkono akaniambia taratibu nisirudie. Nikaahidi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, msimu wa mvua nyingi. Siku ile nilifika na bakuli mawingu yakiwa yameshuka. Watu walikuwa wamekimbilia vibanda vyao. Pale kwenye nguzo palikuwa na mikanda mitatu tu. Niliweka bakuli chini ya nguzo, nikarudi mbio kabla mto haujajaa.

Jioni duara likatitia. Walichimba hadi asubuhi, wakawatoa wawili, wote wamekufa. Mikanda ya wawili hao ilikuwa wazi. Wa tatu ulikuwa umefungwa.

Msimamizi wa duara alikuja kwetu nao mkononi, miguu imejaa tope.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

"Mkanda wa kijana tumeukuta hivi. Ukuta wa pili unapasuka. Nikishusha watu tena, nataka niwe na hakika."

Bibi aliupokea, akapitisha kidole kwenye kifundo alichokisokota mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika kanga yake.

"Umefungwa," alisema. "Mwanangu alipanda. Msiue wengine."

"Wabeja, mayu," msimamizi alimshukuru, akashusha pumzi.

Mimi nilizidi kujificha nyuma ya kanga yake.

Bibi alikataa kuweka matanga. Kila jioni alimfunikia mjomba sahani ya ugali, na asubuhi aliwapa kuku. Waliotoka Kahama na Geita aliwauliza kama wamemwona kijana mrefu, suruali kaifunga kwa kamba. Mmoja aliwahi kusema amemwona kule Kalangalala. Bibi alimchinjia jogoo. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena. Alikufa akiwa hana kaburi la mwanawe la kupalilia.

Juzi nilikwenda pale. Nguzo haipo, shimo limejifukia, mtu amepanda mtama. Nilisimama nikijaribu kupanga siku ile sawasawa. Nakumbuka bakuli likiwa la moto. Nakumbuka upepo. Nakumbuka ngozi ikiwa baridi chini ya vidole vyangu, kwa hiyo niliigusa. Na ule mlio, tuk, naukumbuka vizuri kabisa. Sijui kama ni wa siku ile.