Namba ya Wakunga

Mama huyu ana miaka thelathini na moja kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na bado anaishi na mitambo kama mtu anavyoishi na wakwe: heshima tele, lakini si kila neno lao analiamini.

"Swichi ni mpokea wageni," huwaambia wanaojifunza kazi. "Akiona namba ya kawaida, anaipeleka mwenyewe. Akiona namba ya huduma, anasimama, anauliza ubongo, ile kompyuta kuu: hii niipeleke wapi? Swali linapita njia yake, si ile inayopita sauti. Ubongo unatazama jedwali, unajibu kabla hujameza mate. Na ile sauti ya 'tafadhali subiri' ni mtambo mwingine kabisa, kazi yake kusema tu. Sasa jedwali anaandika nani? Sisi. Kwa hiyo ubongo ukikosea, mjinga ni nani?"

Wanainamia madaftari yao. Wanamjua.

Miaka miwili alihangaika wakunga wa kituo cha afya wapate namba moja ya bure, ili mjamzito apige kutoka popote na ampate mkunga wa zamu bila kupotea njiani. Barua zake zilizungushwa ofisini mpaka zikachakaa pembe. Hatimaye namba ikafunguliwa, asubuhi moja saa mbili. Saa nne mkunga mkuu akampigia.

"Dada, simu yetu haijalia hata mara moja."

Alitazama hesabu ya ubongo: simu ishirini na tatu, zote zimepokelewa. Zimepokelewa na nani? Akafungua jedwali, akakuta namba ya nyumbani kwake. Aliiweka jana kwa majaribio, mumewe apokee aseme anasikia. Mume akasikia, yeye akafurahi, akafunga kompyuta akaenda zake. Mkamia maji hayanywi.

Alifuta, akaandika namba ya wakunga, akapiga nyumbani. Mara tatu simu ilikuwa na mtu. Ya nne ikapokelewa.

Mumewe ni fundi cherehani mstaafu, watu humwita Pindo. Tangu macho yamkatalie sindano, hushinda kando ya redio, na siku nyingine hamalizi maneno kumi.

"Mama watoto, umeniajiri bila barua," alisema.

"Nisamehe. Umewaambia nini?"

"Kwamba mimi si mkunga. Wakasema haidhuru, andika. Nimeandika majina, wanakoishi, miezi mingapi. Mmoja uchungu ulishamwanza, yuko ng'ambo ya daraja, peke yake. Nikamwambia asikate, nikamwita jirani mwenye teksi dirishani, akamfuata. Tuliongea mpaka gari likafika." Akasikika akigeuza karatasi. "Alisema atanipigia akishajifungua. Sasa namba umeihamisha. Atanipataje?"

Mkewe akamwomba amsomee majina yote, akayaandika. Alimsomea mkunga mkuu orodha nzima, akakiri kosa, akamwachia na namba ya nyumbani, kisha akaenda kukiri kwa bosi. Bosi akaandika ubaoni: majaribio yafutwe kabla ya kwenda nyumbani. Aibu ikamshika mama wa watu kuliko kama angefokewa.

Jioni alipofika nyumbani, Pindo alikuwa amesogeza kiti karibu na simu. Redio ilikuwa imezimwa. Hakugusa chakula.

"Huenda alishapiga kule," mkewe alimwambia.

"Huenda."

Saa kumi na mbili kasoro simu ikalia. Alikuwa mkunga mkuu.

"Mzee, kuna mtu hapa nimemwambia alale, amegoma. Anasema mpaka aongee na yule baba wa asubuhi."

Pindo alibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alisikiliza, akaitikia, akauliza uzito, akaitikia tena. Mkewe alisimama mlangoni, mkoba bado begani.

Alipoiweka chini aligeukia mlangoni.

"Wako wawili sasa," akamwambia mkewe, akafuta macho kwa mkono wa shati.