Dawa ya Mbwa kwenye Shingo ya Paka Wangu

Siku nilipofika Butembo kutoka Beni, dada yangu mkubwa alitoka kunipokea mlangoni pa parsele yake, yaani kiwanja chenye nyumba yake. Akaangalia begi langu, halafu akaangalia kikapu nilichokuwa nimekumbatia. Ndani ya kikapu paka wangu alikuwa analia tangu tulipopanda moto, ile pikipiki ya abiria, na sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

"Benzako banakimbia na batoto," akasema dada. "Weye unakimbia na paka."

Sina watoto. Yeye anajua vizuri kwa nini sina, maana ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda changu hospitalini mimba ya mwisho ilipotoka. Kwa hiyo sikuamini kwamba maneno yale yalimponyoka tu. Niliingia ndani, nikasalimia, nikaonyeshwa chumba kidogo nyuma ya depo, ghala la viazi, na tangu saa ile mimi na yeye tulianza kuishi kama watu wawili wanaosubiri kugombana.

Beni nilikuwa nakaa komine ya Ruwenzori, mtaa mmoja wa mji, kwenye nyumba ya mbao, chumba kimoja cha kulala na kingine cha kuuzia maharage na unga wa muhogo. Paka alikuja mwenyewe, akiwa mdogo, akakuta panya, akabaki. Alikuwa wa kijivu, tumbo jeupe, na tabia ya kulala juu ya gunia lililo wazi ili mteja amuombe ruhusa kabla ya kupimiwa. Majirani walipoanza kuhama, na risasi zikawa zinasikika upande wa mashamba hata mchana, niliuza nilichoweza, nikafunga duka na kuondoka. Mume wangu alikuwa ameniacha zamani. Yule paka ndiye aliyebaki wa nyumbani kwangu. Sioni aibu kuyaandika haya, ingawa dada alitaka niyaonee aibu.

Nyumba ya dada ni nyumba nzuri. Mume wake ananunua viazi kwa wakulima wa Masereka na kuvileta mjini, kwa hiyo mara nyingi yuko barabarani. Nyumba anaiendesha dada, na uani kuna mbwa mkubwa wa kulinda, amefungwa mnyororo kando ya jiko la nje. Mbwa yule alikuwa na kupe masikioni kama punje za mtama. Alikuwa anajikuna mpaka mnyororo unalia. Watoto wa dada walikuwa wanacheza naye kila wakitoka shule, wanamkalia mgongoni, halafu wanaingia kulala.

Watoto walipoanza kuwashwa miguu, vipele vidogo vyekundu kuzunguka vifundo, dada hakumwangalia mbwa hata kidogo.

"Viroboto bimefika na paka yako," aliniambia tukiwa jikoni, mbele ya mama jirani aliyekuja kuomba moto. "Mbele ya ile paka kufika, batoto hapana jikuna."

"Yaya," nikasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "angalia imbwa yako kwanza."

"Imbwa inalala inje. Paka yako inalala mu blanketi."

"Mu blanketi yangu. Haiko mu blanketi ya batoto."

"Blanketi yako iko mu nyumba ya nani?"

Mama jirani alichukua kaa lake la moto na kuondoka bila kuaga. Mimi nilitoa blanketi langu, nikalifua, nikalianika juani. Nikamchana paka kwa kitana cha meno membamba juu ya kitambaa cheupe na kweli nikapata viroboto, sikatai. Nikawaua kwa kucha. Nikafagia chumba mpaka kwenye pembe. Dada alikuwa anapita mlangoni akiniangalia na kutikisa kichwa, kama vile kazi ile yote nilikuwa naifanya ili kumchokoza.

Shemeji, yaani mume wa dada, aliporudi safari moja akasikia malalamiko, alileta dawa kwa ajili ya mbwa. Ilikuwa boksi dogo lenye vichupa vyembamba vya plastiki. Unavunja ncha, unamwagia mnyama kwenye ngozi nyuma ya shingo, inaingia yenyewe mwilini. Alimwekea mbwa kichupa kimoja kabla ya kuondoka tena, na vilivyobaki dada akaviweka juu ya kabati la vyombo. Kupe walianza kudondoka. Nilidhani mambo yatatulia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni asubuhi kutafuta nafasi ya kuuzia, maana sikutaka kula ugali wa dada milele. Niliporudi, yeye alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi uani, anachambua sombe, majani ya muhogo. Paka hakuja kunipokea. Nilimkuta chini ya kitanda changu. Nilipomvuta nilihisi manyoya ya shingoni yamelowa na kugandamana, na vidole vyangu vikabaki na mafuta yenye harufu kali, ile harufu ya dawa ya kunyunyizia ng'ombe.

Nikatoka uani.

"Yaya, paka amewekwa nini?"

"Dawa ya viroboto." Hakuinua uso. "Nimekusaidia kazi. Sasa tutalala."

"Ile ya imbwa?"

"Kiroboto cha imbwa na kiroboto cha paka binatofautiana?"

Mimi pia sikujua. Nilikasirika kwamba amemshika mnyama wangu bila kuniuliza, lakini sikujua kwamba kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Nilirudi chumbani nikakaa naye.

Mchana masikio yake yalianza kuchezacheza, kama anafukuza nzi, na hapakuwa na nzi. Kisha ngozi ya mgongo ikawa inarukaruka. Mate yakaanza kumtoka, mengi, mpaka kidevu kikalowa. Alijaribu kutembea kuelekea mlangoni, miguu ya nyuma ikaenda upande wake na ya mbele upande wake, akaanguka kwa ubavu. Nilipomgusa alishtuka mwili mzima kana kwamba nimemchoma. Halafu akaanza kutetemeka, na hakuacha tena.

Nilifikiri tu kwamba mafuta yale lazima yatoke. Niliingia jikoni, nikamimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kwanza nililoliona, nikachukua sabuni ya kuoshea vyombo.

"Iyo ni basini yangu ya sahani," akasema dada kutoka uani.

"Nitakununulia ingine."

"Hapana osha munyama mu basini yangu ya sahani."

Nilimwosha mbele ya macho yake. Nilimsugua shingo mara nyingi, nikabadilisha maji, nikasugua tena, naye alikuwa anakaza mwili na kulegea mikononi mwangu, macho yamefunguka sana na meusi matupu. Nilimkunja kwenye kitenge. Nilipomwambia dada anipe boksi la dawa, alisimama, akanawa mikono polepole, akaingia ndani, akaniletea.

"Kamata. Usome mwenyewe."

Nilisimamisha moto barabarani. Dereva alipoona nimebeba nini aliuliza kama ni mtoto. Nilisema ndiyo, ili akimbie.

Daktari wa mifugo niliyepelekwa kwake alikuwa na duka la dawa za ng'ombe na kuku, na nyuma ya duka chumba chenye meza ya bati. Alikuwa mtu mkavu. Alifunua kitenge, akanusa shingo ya paka, akachukua boksi mkononi mwangu, na kabla hajafanya lolote akanigombeza.

"Nani amemuwekea hii?"

"Dada yangu."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Soko."

"Iko dawa ya imbwa. Tena ya imbwa kubwa. Munaweka kichupa kizima ku munyama ya kilo tatu." Aligeuza boksi, akaniwekea karibu na uso. Pembeni, chini ya picha ya mbwa, kulikuwa na picha ndogo ya paka iliyokatwa kwa mstari mwekundu. "Ulisoma?"

"Hapana. Nimeipata sasa hivi."

"Mu nyumba yenu hakuna mutu anajua kusoma?"

Dada yangu alisoma sekondari mpaka akamaliza.

Alimchoma sindano ya kutuliza mitetemo. Alisema nilifanya vizuri kumwosha, lakini nilifanya vibaya kumleta amelowa kwenye upepo wa pikipiki; mwili ulikuwa umeshapoa kupita kiasi, na baridi ya Butembo haina huruma kwa mnyama aliyezoea joto la Beni. Alimwosha tena shingo, haraka, akamkausha kwa taulo, akamzungushia chupa zenye maji ya moto zilizofungwa vitambaa, akazima taa ya chumba na kufunga dirisha ili asishtuliwe na kelele. Ni baada ya hapo tu ndipo alipozungumza na mimi kama mtu na mtu.

"Ini ya imbwa inavunja hii dawa. Ya paka haiweze. Donc, basi, inabakia mu mwili, inapiga mishipa. Hata paka ikilala na imbwa yenye imetoka kuwekwa dawa, inaweza kugonjwa. Batu benyi banaleta paka hapa imekwisha kufa, banasema ni ndoki, ni bulozi."

"Atapona?"

"Acha hapa. Uje kesho."

Nilirudi kwa miguu. Jua lilikuwa bado halijazama nilipoingia uani, na dada alikuwa anasonga ugali. Niliweka boksi mbele yake, juu ya jiwe la kusagia, upande wenye picha ya paka juu.

"Uliona hii?"

Aliangalia. "Niliona."

"Na ukamuwekea."

"Nilizania inasema inakata viroboto ya paka."

"Yaya, paka amekatwa mustari. Ukiona picha ya sigara imekatwa mustari, unazania nini?"

"Hapana niulize maswali kama juji wa korti mu nyumba yangu." Mwiko haukusimama mkononi mwake. "Nilifanya ju ya batoto. Weye hapana jua kitu ya batoto."

Nimeyarudia maneno yale kichwani kwangu kila pembe. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba alijua. Inawezekana kabisa aliona mstari mwekundu akaelewa kinyume. Mtu aliyechoka, watoto wanalia kuwashwa, mume yuko Masereka. Ila niliuona uso wake nilipomwambia kwamba paka huenda akafa. Haukubadilika hata kidogo. Aliniuliza tu kama nitakula. Nilisema sili, nikaingia chumbani kufunga begi langu.

Kesho yake paka alikuwa hai. Alikuwa amelala kwa ubavu, anatetemeka bado lakini kidogo, na nilipomwita sikio moja liligeuka. Daktari alikuwa anampa maji kwa sindano isiyo na ncha, taratibu, kando ya mdomo. Alinikemea tena, safari hii kwa kutaka kumbeba mapema. Paka alibaki pale mpaka alipoweza kusimama na kula dagaa mwenyewe. Kwa muda alitembea kama mlevi, akipima kila hatua, kisha hilo pia likaisha.

Mimi nilikuwa nimeshapata chumba upande mwingine wa mji, kwa mama mjane anayefanya kazi ya kanisa la Waprotestanti, ambaye aliuliza swali moja tu kuhusu paka: kama anakamata panya.

Shemeji aliporudi alituita wote wawili saloni, chumba chao cha wageni. Ni mtu mpole, anachukia kelele. Alikaa katikati yetu na kofia mapajani.

"Batu banaona vibaya," alisema. "Ndugu wawili, tumbo moja, munagombana ju ya paka. Mama ya batoto, sema pardon. Na weye, shemeji, ukubali, urudie mu chumba yako."

Dada aliangalia ukuta. "Nitaomba pardon ya paka?"

"Omba ya miye," nikasema.

"Weye nilikufanya nini? Nilikupokea. Nilikulalisha. Nilikupikia."

Yote matatu yalikuwa kweli, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Nilisimama. Shemeji alinifuata mpaka barabarani akiniomba nisiende hivyo. Nilimwambia awaonye watoto wasimkumbatie mbwa siku anapowekewa dawa, wala wasilambe vidole, na aviweke vichupa mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Aliitikia kila neno. Alikuwa anaona aibu kwa niaba ya mkewe, na mimi nilimwacha aione.

Mama yetu mdogo alipofariki Masereka, tulipelekwa mazishini kwa lori moja la viazi, mimi na dada, tumekaa kwenye benchi moja kati ya kina mama wengine kwa sababu hakukuwa na nafasi nyingine. Barabara ilikuwa matope. Mabega yetu yaligongana njia nzima. Baada ya kupita kilima cha kwanza alifungua mfuko wake, akatoa muhindi wa kuchoma, akauvunja vipande viwili, akanipa kimoja bila kuniangalia. Nilikula.

"Paka iko nzima?" aliuliza mwishoni.

"Iko."

Nilingoja aongeze neno. Aliufunga mfuko, akavuta kitenge mpaka kichwani, akalala au akajifanya amelala. Kwenye mazishi tulisimama pande mbili tofauti za kaburi, na wakati wa kurudi nilitafuta moto ya kupanda peke yangu.