Jeki za Nyuma za Mwalimu Wasike

Chuma kinachotembea kisikauke grisi. Hiyo ndiyo amri aliyoishika Theuri kwa miaka ishirini na sita, na sijasikia kwamba aliivunja hata siku moja. Aliipata kule Ruring'u kwa mzee Hezekiah, fundi aliyemfundisha kazi, na alipofungua gereji yake hapa Chaka aliiandika ukutani kwa rangi nyekundu, juu ya meza ya spana. Malori ya majani chai na ya mawe yaliyopita mikononi mwake hayakulia njiani. Mimi humheshimu mtu wa amri. Wengi siku hizi hufanya kazi kwa kubahatisha, kikiharibika kitu wanasema ni shetani.

Ndiyo sababu jambo la gari la Mwalimu Wasike lilinichanganya, na halijaacha kunichanganya.

Wasike alifundisha hesabu Nyeri mpaka akastaafu. Watu walidhani atarudi kwao Bungoma. Badala yake alinunua gari lenye nyumba ndani, jiko mbele na kitanda nyuma, kwa mgeni aliyekuwa akihama Nanyuki. Yeye na mkewe Phoebe wakahamia humo, wakaliegesha kwenye ploti yao pale Chaka, na mara moja moja huzunguka nalo upande wa mlima. Gari hilo lina jeki nne za mafuta, moja kila pembe. Ukibonyeza swichi zinashuka, zinakanyaga ardhi na kuliinua gari hadi sakafu ilale sawa. Phoebe hupima kwa chungwa. Huliweka katikati ya sakafu. Likitulia, anawasha jiko.

Kila mwezi Theuri alikwenda kuzihudumia jeki hizo pamoja na Nduta, mwanamke aliyefanya kazi naye kwa miaka kumi na mmoja. Theuri ana binti mmoja, Wachuka, ambaye hajapenda spana tangu utotoni. Kwa hiyo alikuwa ametutangazia sisi wazee wenzake wa kanisa kwamba mgongo ukimshinda, gereji itakuwa ya Nduta. Wawili hao waligawana kazi: yeye jeki za nyuma, Nduta za mbele.

Baada ya miezi michache, gari likaanza kuzama upande wa nyuma. Jioni lilikuwa sawa, asubuhi chungwa liko chini ya kitanda. Wasike akaja gereji.

"Fundi, jana nimelala kichwa chini kama popo," akasema. "Mke wangu anauliza kama nyumba inasujudu."

Theuri akabadilisha mafuta. Akakagua pampu na mabomba yake ya mpira. Akachimba chini ya jeki akidhani ni udongo laini, akaweka mbao ngumu. Kila alipomaliza alizipaka grisi zile nguzo za chuma king'aacho zinazotoka na kuingia ndani ya jeki, akaongeza kuliko mara iliyopita. Gari likazidi kuzama. Alinieleza haya yote baada ya ibada, na kwa mara ya kwanza nilimwona fundi huyo kama mtu aliyepotea njia ya kwenda kwake. Aliniuliza kama kuna kitu amesahau. Mimi sijui jeki. Nilimwambia aendelee kuwa mwaminifu.

Siku moja alifika kwa Wasike mapema, akamkuta Nduta amepiga magoti upande wa mbele, na kitambaa kikavu mkononi. Alikuwa anaifuta grisi yote kwenye nguzo, hadi chuma kikang'aa.

Hapo Theuri akaona ameelewa. Akafikiri: anayefuta za mbele hashindwi kuzifuta za nyuma nikigeuka. Akamwuliza, mbele ya Wasike na Phoebe, amekuwa akiiharibu kazi yake tangu lini.

Nduta akasema za nyuma hajawahi kuzigusa. Akasema za mbele amezifuta tangu mwezi wa kwanza wa kazi hiyo, kwa sababu vumbi la huku kwetu Kieni linashika kwenye grisi na jeki inalivuta ndani.

"Kwa hivyo umekuwa ukinidanganya," Theuri akasema.

"Nilikuambia mara mbili, mzee, ukanionyesha ukuta." Nduta akakunja kitambaa. "Na kama ningefuta zako, hazingezama."

Theuri akamwambia mtu asiyeheshimu amri hawezi kurithi gereji.  Nduta alichukua spana zake, na kabla ya wiki kwisha alikuwa Kangema, akitengeneza magari ya majani chai.

Nilipoambiwa nilisema Theuri amefanya vyema. Ninaliandika hili kwa sababu nililisema.

Kuanzia hapo Theuri alizipaka grisi jeki zote nne kwa mkono wake. Mwezi wa pili tangu Nduta aondoke, za mbele nazo zikaanza kuzama. Hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa. Akafungua moja, akatoa sili ya mpira inayozuia mafuta, akaikuta imekatwakatwa. Nyuma yake kulikuwa na tope jeusi la grisi na vumbi, zito kama uji wa wimbi. Kwenye maungio ya lori grisi mpya husukuma uchafu nje. Kwenye jeki, nguzo inaporudi, inauingiza ndani. Amri ya mzee Hezekiah haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya malori.

Akaenda Kangema. Nduta alimkaribisha chai, akamsikiliza hadi mwisho, akasema amemsamehe. Alipoombwa arudi, alijibu kwa upole.

"Hapa nikisema kitu, wanaangalia gari kwanza. Wewe uliangalia ukuta."

Theuri aliporudi alipitia kwangu. "Nilifanya kilichoandikwa," akaniambia. "Sasa nilikosa wapi?"  Nilimpa kiti.

Maandishi bado yako ukutani. Hajui ayafute au ayaache. Jeki nne zilipata sili mpya, na Theuri hufuta nguzo zake kwa kitambaa kikavu. Nduta hakurudi, na gereji haina mrithi.